Mwalimu Wetu Katika Mabadiliko ya Shule

Mazungumzo ya katekista mlei, siku ya waalimu, katika juma la Jubilei ya Parokia



Komite ya Jubilei iliniomba niseme juu ya waalimu na juu ya mabadiliko yaliyoingia katika shule zetu. Nilijaribu kukataa. Nilisema: kuna madirekta, kuna wainspekta, kuna watu wenye diploma kunipita, mimi ni katekista tu, nilisoma seminari ndogo na kuishia hapo. Wakanijibu: «Wewe ni mzazi, tena unazunguka katika mashirika yote. Unajua yanayosemwa juu ya waalimu wakiwa hawapo.» Neno hilo lilinichoma, kwa maana ni kweli. Nayajua yanayosemwa, na mengine nimeyasema mimi mwenyewe. Kwa hiyo leo nitasema kidogo kama mwenye kufundisha, na zaidi kama mwenye kukiri kosa.

Neno langu ni moja. Kila badiliko la shule, hata likiwa jema namna gani, linamfikia mtoto kwa mikono ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao. Tukilipokea badiliko na kumwacha mtu huyo peke yake, badiliko hilo litaanguka, nasi tutabaki kumlaumu yeye.

1. Shule zetu zilitoka wapi

Jubilei ni siku ya kukumbuka. Basi tukumbuke.

Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano ilipatana na Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili, aliyetawala nchi hii wakati ule: misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Huku Kivu kazi hiyo ilifanywa hasa na Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee waliwaita Mapadri Weupe. Lakini mapadri walikuwa wachache na milima ni mingi. Aliyekaa kijijini kila siku alikuwa katekista. Kapela ilikuwa kanisa siku ya Mungu, na siku nyingine ilikuwa darasa. Wazee wetu husimulia kwamba watu walimjengea mwalimu huyo nyumba na kumsaidia kulima, kwa sababu walijua kwamba mtu anayeshinda na watoto wa wengine hawezi kushinda shambani kwake. Shikeni neno hilo, maana nitalirudia.

Baadaye mambo yaligeuka mara nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1974 Rais Mobutu aliamua kwamba Serikali itwae shule zote za dini. Haikupita miaka mitatu, Serikali ikaona kwamba mzigo ni mzito. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na Kanisa Katoliki, Kanisa la Kiprotestanti na Kanisa la Kimbangu: Serikali itaweka programu na kulipa mshahara, Kanisa litaongoza shule. Ndiyo maana shule zetu huitwa shule za mapatano.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Pesa ya Zaïre ilikufa mikononi mwetu, mshahara wa mwalimu haukutosha kununua sabuni, na waalimu wakagoma katika nchi nzima. Ili milango ifunguliwe tena, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe. Ndiyo ile «prime» tuliyoizoea. Ilisemwa kwamba ni msaada wa muda mfupi. Ikadumu zaidi ya miaka 25. Tuseme kweli: prime iliokoa shule. Lakini tuseme pia ubaya wake. Nani kati yetu hajaona watoto wakirudishwa nyumbani asubuhi na daftari mikononi, kwa sababu baba hajauza maharagi? Na pesa ilipotosha kwa watoto wawili tu kati ya wanne, ni nani waliobaki nyumbani? Walikuwa wasichana.

Mwenyewe nilikuwa darasa la tano mwezi wa Machi 1993, vita vilipoanza pale Ntoto katika Walikale na kuenea mpaka Masisi. Shule yetu ilifungwa, tukakimbia. Mwalimu wetu alikimbia pamoja nasi, na kichwani alibeba mtoto wa jirani, si mali yake. Siku ya nne aliokota mlango uliovunjika, akauegemeza kwenye mgomba, akaanza kuandika juu yake kwa kipande cha makaa. Hakuna direkta aliyemwagiza, hakuna buletini iliyongojewa. Wamama walimletea viazi vichache. Aliyekosa viazi alimchotea maji. Hakumfukuza mtoto hata mmoja. Miaka michache baadaye, nilipofanya mtihani wa kuingia seminari ndogo, hesabu zilizoniingiza zilikuwa hesabu za yale makaa.

2. Mabadiliko yaliyofika

Sasa tuangalie wakati wetu. Nitataja mabadiliko matatu tu, yale yanayotufikia mpaka jikoni.

La kwanza ni masomo ya msingi bila malipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo hayo ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Kwa miaka 13 neno hilo lilikaa katika karatasi. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ya Rais Tshisekedi ilianza kulitimiza. Watoto walimiminika. Msichana wa miaka kumi na miwili aliketi katika darasa la kwanza karibu na mdogo wake, bila haya. Penye nafasi ya mmoja wakaketi watatu. Mimi nasema hilo lilikuwa jambo jema, na asiwepo mtu wa kutamani tuirudie desturi ya kuwafukuza watoto wa maskini.

La pili ni lugha. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa iliagiza kwamba mtoto aanze masomo yake katika lugha ya taifa au lugha ya mahali pake, na Kifaransa kichukue nafasi yake baadaye. Wazo hilo si geni. Wataalamu wa lugha wa nchi yetu waliokutana Lubumbashi mwaka 1974 walikwisha kuliomba. Huku kwetu lugha ya taifa ni Kiswahili. Najua kwamba nyumbani watoto wetu wanasema Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo, Kikano au Kikumu. Lakini mtoto wa huku akienda sokoni na akicheza mpira, anasikia Kiswahili. Kifaransa hakisikii popote ila shuleni.

La tatu ni mpango wa masomo wenyewe. Sheria ile ile iliunganisha miaka sita ya shule ya msingi na miaka miwili inayofuata, ikawa elimu ya msingi ya miaka minane. Tena katika hesabu na sayansi mwalimu anaagizwa aanze na jambo la maisha, asianze na kanuni ya kukariri. Kwa mfano, sisi wa Masisi ni watu wa jibini. Mwalimu atasema: kilo moja ya jibini inadai karibu lita kumi za maziwa, mfugaji amekamua lita 45, atapata kilo ngapi? Mtoto anatafuta, anakosea, anatafuta tena, na mwishoni kanuni inazaliwa mkononi mwake.

Mabadiliko hayo yote ni mema. Lakini jiulizeni: yalianguka juu ya nani? Ni mtu yule yule. Jana alikuwa na watoto 40, leo ana mara mbili. Jana alifundisha kama alivyofundishwa, leo anaambiwa aache. Jana alipokea prime kila mwisho wa mwezi, leo prime imekatazwa. Na mara nyingi mafunzo aliyopewa kwa ajili ya hayo yote ni ya siku chache, pengine na kitabu kimoja kwa shule nzima.

3. Kosa langu la kwanza

Msichana wangu alipokuwa darasa la kwanza, nilimsikia jioni akisoma silabi za Kiswahili. Nilikasirika. Mimi niliyesoma Kifaransa, na Kilatini kidogo, mtoto wangu afundishwe lugha ya sokoni? Niliona kwamba wanataka kutufungia watoto wetu mlimani, huku watoto wa mjini wakisoma Kifaransa. Kesho yake nilikwenda shuleni kwa sauti kubwa.

Mwalimu hakunijibu kwa sauti kubwa. Aliniomba niketi nyuma ya darasa mpaka saa ya mapumziko. Siku ile walijifunza kutoa. Kila mtoto alikuwa na punje za mahindi. Msichana mmoja aliitwa mbele. Alihesabu punje 15, akaondoa 7, akaeleza kwa maneno yake sababu gani zilibaki 8. Wenzake walibishana naye, akawaonyesha tena. Nikakumbuka darasa letu la kwanza. Sisi tuliimba kutoa kwa Kifaransa kama kasuku, na aliyekosea neno alipigwa, hata ikiwa hesabu yake ilikuwa sawa. Wenzangu wengi waliacha shule wakidhani kwamba hawana akili. Akili walikuwa nayo. Walichokosa ni lugha.

Nilimwomba mwalimu msamaha mbele ya watoto. Kifaransa hakikupotea, kinaingia polepole, na anayejua kusoma katika lugha anayoifahamu hupata njia ya kusoma lugha nyingine. Lakini fikirini: mwalimu yule alifanya kazi mpya, ngumu, na malipo yake kutoka kwetu yalikuwa kelele za mzazi.

4. Kosa langu la pili

Kosa la pili ni zito zaidi, nami nalisema mbele ya Parokia kwa sababu sikulifanya peke yangu.

Mnajua kwamba si waalimu wote wanaolipwa na Serikali. Kuna wenye nambari ya matrikule, walio katika orodha ya malipo iliyoitwa SECOPE kwa miaka mingi. Kuna na wengine tunaowaita «nouvelles unités», na «non payés»: wanafundisha kila siku, mafaili yao yametumwa, na mshahara haujafika. Wengine wamengoja mwaka, wengine miaka mingi. Zamani hao waliishi kwa prime. Prime ilipokoma mwezi wa Septemba 2019, walibaki na chaki tu.

Katika mwaka ule wa kwanza wa masomo ya bure, mwalimu wa darasa la pili, darasa la mtoto wangu mwingine, alikuja kwangu jioni moja. Hakuomba pesa. Aliomba kipande cha shamba alime maharagi, na watu wawili wamsaidie kuezeka nyumba iliyokuwa ikivuja. Nilimjibu kwa maneno ambayo wengi wetu tuliyasema mwaka ule: «Mwalimu, shule ni ya bure sasa. Uende kuuliza Leta.» Nilisema huku nikicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya majuma mawili alikwenda katika machimbo. Tunayajua machimbo yetu: Rubaya kuna koltani, Bisie kuna kasiterite, na mahali pengi kuna dhahabu. Kijana mwenye mikono na njaa hakosi njia ya kwenda huko. Darasa lile lilikaa bila mwalimu muda mrefu. Direkta aliwaunganisha watoto na darasa la tatu, wakawa wengi mno hata wengine walisimama dirishani. Na vijana wawili wakubwa, waliorudi shule kwa furaha kwa sababu ya masomo ya bure, walimfuata mwalimu wao machimboni kubeba mifuko ya udongo.

Mimi nilihesabu hivi: kipande kile cha shamba kingenipunguzia madebe mawili ya maharagi kwa msimu. Kwa madebe mawili nilipoteza mwalimu, na watoto wa kijiji kizima walipoteza mwaka. Wazee wanasema: mkono mtupu haulambwi. Sheria ilisema mzazi asilipe ili mtoto apokelewe shuleni. Haikusema kwamba mwalimu ni mgeni asiyetuhusu. Malipo yalikoma, deni letu kwa mtu anayelea watoto wetu halikukoma.

5. Vita na njia ya mshahara

Hata aliye na matrikule, msifikiri ameokoka. Tangu Serikali ilipoanza, katika miaka ya 2010, kulipa kwa njia ya benki, na mahali pasipo na benki kwa mikono ya Caritas, mwalimu wa mlimani ameijua njia ya mshahara kuliko njia ya shamba. Ninyi wa Walikale mnaelewa zaidi: eneo lenu ni kubwa karibu mara tano kuliko Masisi, na barabara nyingi ni jina tu. Mwalimu anatembea siku mbili au tatu, anangoja, anarudi; pengine sehemu ya mshahara imebaki njiani katika nauli, chakula na vizuizi. Sisi tunasema: «Huyu mwalimu hayupo tena!» Tumemuuliza alikuwa wapi?

Mwaka 1994 na 1996, na mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata, vita vimepita juu yetu mara nyingi hata hatuvihesabu tena. Mwezi wa Januari 2025 vilifika Masisi-katikati, na mwisho wa mwezi ule vikaingia Goma, benki zikafungwa. Mwezi wa Machi vilifika Walikale-katikati. Madarasa yalilaliwa na watu waliokimbia, viti vikawa kuni, mashuka ya plastiki yakawa kuta. Sitasema hapa mambo ya wakubwa wenye silaha. Nasema nililoliona: palipofunguliwa darasa tena, hata chini ya shitingi, ni kwa sababu mwalimu alirudi kwanza, kabla ya mshahara na kabla ya kitabu. Mzazi akisikia kwamba mwalimu amerudi, naye anafunga mizigo na kurudi. Mimi mwenyewe nilirudi hivyo.

6. Neno kwa wenye simu

Vijana, nimewasikia mkisema kwamba yote yako katika simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa tangu tarehe 19 Machi kwa ajili ya korona, masomo yalipitishwa kwa radio. Lilikuwa jambo jema, na mwenye kupata batri alisikiliza. Lakini radio haikuona ni mtoto gani aliyekunja uso kwa kutofahamu. Mwalimu ndiye anayeuona uso ule, akarudi nyuma, akaeleza tena. Tumieni simu, tumieni kila chombo kipya; mwalimu naye ajifunze kukitumia. Lakini chombo hakichukui nafasi ya mtu.

Mababu wa Banyanga walilijua neno hilo. Mnamjua Mwindo, shujaa wa masimulizi ya Walikale, aliyezaliwa akitembea na kusema. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliyasimulia hayo yote kwa siku nyingi, na mwaka 1969 yalitoka kitabuni kwa kazi ya Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, ambaye baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya Umoja wa Afrika wa wakati ule iliyoshughulika na lugha za Afrika. Katika masimulizi hayo Mwindo anawashinda wote, anajivuna, na mwishoni Nkuba, bwana wa radi, anamchukua mbinguni. Huko anapigwa na baridi, jua na mvua muda wa mwaka mzima, mpaka ajifunze kiasi. Akirudi ndipo anakuwa mfalme mwema, anawapa watu wake sheria. Basi, ikiwa hata aliyezaliwa akitembea alihitaji kufundishwa, sisi tuliozaliwa tukitambaa tutasema nini?

7. Tufanye nini

Wapendwa, sikuja kuwaomba turudishe prime kwa mlango wa nyuma. Hapana. Mtoto yeyote asifukuzwe, wala asiulizwe mzazi wake ametoa nini. Lakini kuna mambo manne tunayoyaweza, nami niliyazungumza kwanza na mashirika yetu upande wa Nyabiondo na upande wa Kashebere.

Kwanza, shamba la mwalimu. Kila shirika litenge kipande kwa mwalimu asiyelipwa, watu walime pamoja siku ya posho moja wakati wa kupanda, na moja wakati wa kupalilia. Mavuno ni yake. Yaandikwe katika daftari la shirika, si katika daftari la shule, ili pasiwe mtoto wa kuhesabiwa deni.

Pili, nyumba. Mwalimu anayetoka mbali asikae miezi akilala kwa watu. Miti tunayo, udongo tunao, mikono tunayo. Salongo ya siku chache inatosha.

Tatu, njia ya mshahara na njia ya mafaili. Mwalimu akienda kutafuta mshahara, wazazi wawili wakae shuleni wasaidie wenzake kutunza watoto, naye aahidi siku ya kurudi. Mafaili ya wasio na matrikule yasikae katika sanduku la direkta. Komite ya wazazi iyafuate mpaka yafike Uratibu wa shule, na iulize tena kila miezi mitatu.

Nne, kuketi darasani. Kila mzazi, mara moja kwa muhula, akae nyuma ya darasa saa moja, kama nilivyoketishwa mimi. Kisha jioni mtoto amsomee mstari mmoja, hata kama mzazi mwenyewe hajui kusoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, ulitukumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Mwalimu anatusaidia, hatuchukui mzigo wote na kuuweka juu ya kichwa chake.

Nanyi waalimu, mniruhusu niseme kama ndugu. Mnayo haki ya kudai mshahara wenu, na sisi tutasimama nanyi. Lakini msiseme: «Watulipe kwanza, ndipo tujifunze njia mpya.» Mtoto wa darasa la kwanza hana mwaka mwingine wa kungojea. Aliyefahamu njia ya kufundisha kwa Kiswahili, au hesabu za mambo ya maisha, awafundishe wenzake mara moja kwa juma; haidai mtaalamu wa kutoka Goma. Wekeni fimbo chini, kwa maana hofu hufunga akili. Msiuze alama, wala kwa pesa wala kwa jambo la aibu. Msichana aliye mbele yenu ni binti yenu. Na mkishindwa, semeni. Yule mwalimu aliyekuja kwangu jioni alisema vizuri. Aliyeshindwa kusikia ni mimi.

Mwisho

Mara mbili kwa mwaka tunawafanyia waalimu sikukuu: tarehe 30 Aprili katika nchi yetu, na tarehe 5 Oktoba katika dunia nzima. Tunapiga ngoma, tunatoa hotuba kama hii yangu, kisha kesho yake mwalimu anarudi katika nyumba inayovuja. Katika Jubilei yetu tusifanye hivyo.

Kuhusu yule mwalimu wa darasa la pili, nilimfuata machimboni. Nilimkuta, mikono imechanika. Nilimwambia kwamba kipande cha shamba kipo, na kwamba watu sita wa shirika letu wamekwisha kukata miti. Hakunijibu siku ile. Alirudi mwanzoni mwa mwaka wa shule uliofuata, akaanza upya na darasa la pili. Mmoja wa wale vijana wawili alirudi pamoja naye. Wa pili hakurudi.

Wandugu wapenzi, kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya posho ijayo tutakutana asubuhi nyuma ya shule, na majembe. Mashirika yote yamekwisha kujulishwa. Wazee waje waonyeshe mipaka ya shamba, vijana waje na nguvu, wamama watuambie mbegu ipi inafaa kwa udongo ule. Mwalimu asije kulima siku hiyo. Siku hiyo akae na watoto.